Mstaafu Asiye na Mvi

Kwetu, mtu akishakusalimia, swali la pili ni hili: "Siku hizi uko wapi?" Haulizi unalala wapi. Anakuona umesimama mbele yake hapo sokoni, na anajua mama yako bado anaishi kule mlimani. Anachotaka kujua ni kazi. Ukijibu "Niko nyumbani," uso wake unalegea, anakushika mkono na kusema, "Pole, Mungu atafungua njia." Mwaka ule nilipewa pole nyingi kama mtu aliyefiwa.

Basi nikaanza kusema ukweli. "Nimestaafu."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita.

Kulikuwa na mama mmoja mjini Machakos, ukoo wao ulitoka Pwani zamani, akiuza viungo na mahamri karibu na msikiti. Nilipomwambia, aliweka chini kijiko cha kupimia bizari. "Umestaafu? Wewe? Hebu geuka nikuone vizuri." Nikageuka. "Mwanangu, hata ndevu zako bado hazijaripoti kazini, wewe ushastaafu!" Tulicheka mpaka machozi, halafu akanifungia mahamri bure, vile mtu anavyompelekea mgonjwa chakula. Huyo ndiye aliyenielewa kuliko wote. Wenzangu tuliosoma pamoja walisema, "Boss, sema tu umefutwa, hakuna aibu." Kanisani mtu alisimama akaniombea kwa sauti, bila kuniuliza, nitolewe roho ya kukata tamaa. Nikasema amina. Ningefanya nini?

Kazi niliyostaafu ilikuwa sarakasi. Nilipomaliza darasa la nane karo ya sekondari haikupatikana, nikajiunga na vijana waliokuwa wakiruka na kupinduka hewani kwenye mchanga wa mto wetu, ule ambao hauna maji karibu mwaka mzima. Mchanga huo ndio ulikuwa godoro letu. Baadaye tulichukuliwa kwenda kuwachezea watalii hotelini kule Mombasa, na baadaye tena nikapelekwa ng'ambo, nchi za baridi, ambako watu walipiga makofi wakiwa wamevaa glavu, ukasikia kama mtu anakung'uta mto wa kitanda.

Mimi nilikuwa mtu wa chini. Mmeona picha za watu waliopandana mabegani hadi juu, na yule wa juu kabisa ananyoosha mikono na kutabasamu? Sasa tazama chini kabisa, pale katikati. Yule ambaye sura yake haionekani kwa sababu ameinamisha kichwa kidogo na mishipa ya shingo imesimama. Ndiye mimi. Nilibeba watu sita.

Kwa nini niliacha, sikuwa nimemwambia mtu. Si kwamba nilikuwa na siri. Kila nikijaribu kueleza jambo lenyewe lilionekana dogo mno, halitoshi swali. Nilichopata kule nilikuwa nimekiweka, nikanunua kipande cha shamba kando ya kile cha mama, nikajenga nyumba yenye baraza linalotazama vilima, nikatundika mizinga ya nyuki kwenye migunga. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoto yangu tangu ile nchi ya baridi: kukaa kwenye baraza langu nikiwa bado na meno yote. Watu wakinisumbua sana nilisema, "Mimi nimestaafu, nyuki ndio wako kazini."

Waya wa kutundikia mizinga ndio ulionipeleka Ekalakala, kwa duka la pembejeo, na pale nyuma ya kaunta alikuwa msichana aliyekata waya kwa koleo bila kukunja uso. Akaniuliza swali lile lile la kila mtu. Nikamjibu jibu langu, nikingoja acheke.

Hakucheka. Aliweka koleo chini.

"Hilo neno umelitoa wapi?"

"Lipi?"

"Kustaafu. Ukija kwetu siku moja," akasema, kisha akatazama pembeni kwa kuwa alikuwa amesema zaidi ya alivyotaka, "usije ukalisema."

Baadaye, tulipokuwa tumezoeana na nimenunua waya wa kutosha kuzungushia wilaya nzima, alinieleza. Baba yake alikuwa akiendesha greda, ile mashine ya kusawazisha barabara, katika kazi ya serikali. Miaka ile ya tisini walipopunguza watu, waliitwa wote uwanjani wakaambiwa wanastaafu mapema, kwa hiari. Mzee hakuwa na hiari yoyote. Alikuwa na watoto watano shuleni na nguvu zake zote. Alirudi nyumbani na viatu vya kazi mkononi, na tangu siku hiyo neno hilo halikutajwa katika boma lao. Mtu akimuuliza, anasema, "Nilitoka serikalini," na kunyamaza. Kaka mkubwa wa msichana aliwahi kulisema kwa mzaha mezani, na mzee aliacha chakula akaenda kukaa zizini mpaka giza likaingia.

"Kwa hivyo utasema nini wakikuuliza?" aliniuliza msichana.

"Nitasema ukweli, kwa upole."

"Wewe," alisema, "unafikiri upole unaweza kubeba kila kitu."

Kwetu Ukambani hakuna ndoa bila *ntheo*. Ni mbuzi wa kwanza wanaopelekwa kwa kina msichana. Mmoja anachinjwa hapo hapo, na pande zote mbili zikishamla, huyo ni mke wako hata kabla ya kanisa na mambo mengine yote. Wasipomla, hujaoa. Unaweza kukaa naye miaka ishirini mkazaa, bado wazee watasema huyo ni mgeni tu nyumbani kwako. Na mimi nilikuwa nampenda yule msichana kiasi kwamba nilikuwa nimeshaanza kusema naye nikiwa peke yangu kwenye baraza.

Baba yangu alikufa nikiwa mdogo, kwa hivyo msemaji wetu alikuwa baba mdogo, mtu wa maneno mengi na kofia ya kuazima. Tulipokuwa tukipandisha mbuzi kwenye pikapu asubuhi ile, alinivuta kando.

"Sikiza. Wewe leo huna mdomo. Bwana harusi haongei. Wakiuliza kazi, mimi nitajibu."

"Utajibu nini, baba mdogo?"

"Nitasema uko likizo."

"Lakini siko likizo."

"Mtu yeyote ambaye hayuko kazini yuko likizo. Hata marehemu wako likizo. Panda gari."

Tulifika kabla ya jua kuwa kali. Boma lilikuwa limefagiwa vizuri, alama za ufagio bado zinaonekana, na hapo roho yangu ilipoa kidogo, kwa maana mtu hafagilii mgeni asiyemtaka. Lakini mbuzi wetu hawakupokelewa. Shangazi wa msichana, mwanamke mrefu aliyejifunga leso mbili, alitoka akawatazama, akasema wafungwe kwenye nguzo ya geti. Nje ya geti. Hapakuwa na mti wala kivuli. "Wangoje hapo," alisema, "kaka yangu amesema tusikie kwanza."

Tukaingizwa sebuleni. Mzee alikuwa ameketi akitazama mlango, mikono juu ya magoti, mikono mikubwa yenye makovu ya moto wa injini. Mama mkwe hakutokea, kwa desturi yetu hawezi kuketi na mimi, lakini nilijua yuko jikoni nyuma ya ukuta kwa sababu sufuria zilikuwa zimenyamaza. Chai ililetwa. Chakula hakikuletwa. Msichana ndiye aliyemimina, na alipofika kwangu aliijaza hadi ukingoni, kitu ambacho hakifanyi kamwe.

Baba mdogo alianza mbali. Akazungumza juu ya mvua, akazungumza juu ya njia, akasema tumeona ua katika boma hili na tumekuja kuuliza kama ua lina mwenyewe. Mzee alimwacha amalize. Kisha akauliza, bila kumtazama yeye, akinitazama mimi:

"Kijana anafanya kazi gani?"

"Kijana yuko likizo," alisema baba mdogo haraka.

"Likizo ya kazi gani?"

"Kazi ya... mambo ya mahoteli. Kule Mombasa. Na ng'ambo pia."

"Asi!" shangazi alishangaa. "Mpishi?"

"Si mpishi hasa."

"Anatandika vitanda?"

"Hapana, shangazi, yeye alikuwa zaidi kwa upande wa... wa burudani."

Shangazi aliweka kikombe. "Burudani," alisema polepole, na lile neno likakaa katikati ya meza kama chupa ya pombe.

"Na likizo inaisha lini?" aliuliza mzee.

"Mwezi wa nane," alisema baba mdogo.

Nilimtazama msichana. Alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai kifuani, amefumba macho. Tangu tulipofika nilikuwa nimehesabu mlio wa mbuzi, maana ulikuwa unaingia dirishani, na sasa nilisikia kwamba mmoja amenyamaza. Jua lilikuwa limepanda. Nikafikiria mwezi wa nane, mzee huyu akisimama barabarani kuningoja nirudi kazini, na nikiwa hapo kwenye baraza langu, na yeye akijua kwamba tulimla mbuzi juu ya uongo. Mimi ni mtu anayelia hata kuku akikanyagwa. Sikuweza.

"Baba," nikasema.

Baba mdogo alinikanyaga mguu.

"Baba, mimi siko likizo. Nimestaafu."

Nyuma ya ukuta, jikoni, kitu kilianguka na hakuna aliyekiokota. Mzee hakusogea ila vidole vyake vilijikunja juu ya magoti.

"Nani amekufundisha kusema neno hilo hapa?"

"Hakuna, baba. Ni—"

"Huyu?" Alielekeza kidevu mlangoni. "Huyu amekuambia habari zangu, na wewe ukaona uje unichezee kwa nyumba yangu?"

"Aliniambia nisiliseme."

"Na umelisema."

"Kwa sababu sina lingine, baba. Nikisema lingine ni uongo."

Kisha mzee akauliza kwa sauti ya chini, na hiyo sauti ya chini ndiyo iliyonitisha zaidi:

"Walikupunguza, ama ulitoka?"

"Nilitoka."

"Kazi ilikuwa imeisha?"

"Hapana. Waliniomba nibaki."

Hapo ndipo nilipoona nimeharibu. Uso wake ulibadilika, si kwa hasira tu. Alisimama. Alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani.

"Mimi nilikuwa nataka kubaki," alisema. "Unasikia? Nilikuwa naweza kulala chini ya ile mashine, kama wangeniruhusu. Hakuna aliyeniomba. Na wewe umeombwa, ukiwa na nguvu, ukiwa kijana, ukatoka tu. Kama mtu anayetoka kwa bafu." Akavuta pumzi. "Mtu anayeacha kazi inayomtaka, kesho ataacha mke anayemtaka. Baba mdogo wake, nyinyi wakubwa, mtanisamehe. Kunyweni chai mwende na mbuzi wenu mapema, jua lisiwaue."

Baba mdogo alikuwa ameshavua kofia. Msichana hakuwa mlangoni tena. Mimi nilipaswa kusimama, na miguu yangu ilikuwa tayari, lakini kilichotangulia kilikuwa mdomo.

"Baba, naomba niseme kwa nini nilitoka. Halafu tutaenda."

Hakusema ndiyo. Hakukaa pia. Nikaanza.

Nikamwambia mimi nilikuwa mtu wa chini. Nikamwambia watu sita. Nikamwambia mtu wa chini haoni chochote, anaona sakafu na vidole vyake mwenyewe. Anajua mambo ya juu kwa mabega. Akijua nani amekula sana, nani amegombana na nani, nani anaogopa leo, anajua kwa uzito. Na jioni moja, katika lile onyesho letu la kila siku, watu wote wako juu na makofi yanapigwa, goti langu la kushoto lilitikisika. Mara moja tu, kitu kidogo, kama ngozi ya ng'ombe inavyofukuza nzi. Watazamaji hawakuona. Wenzangu hawakuona. Ila dada mmoja aliyekuwa juu kabisa, mdogo kwetu sote kwa mwili, yeye alisikia, kwa maana yule aliyesimama begani kwangu alinishika kwa vidole vya miguu, vikakaza, na ule mshiko ulikuwa umeshuka kutoka kwa yule dada wa juu.

"Ulikuwa umeumia?" aliuliza mzee.

"Hapana. Halikuuma hata kidogo. Daktari wao alisema ni zima, naweza kuendelea miaka."

"Na onyesho?"

"Nilimaliza. Niliwashusha mmoja mmoja, kama kawaida. Tukainama, tukapungia watu mkono. Kisha nikamwendea mkubwa wetu nikamwambia, mimi basi. Alicheka. Aliniomba. Aliniongezea. Wenzangu walikasirika, wengine hadi leo hawanisalimu. Lakini kila nikifunga macho nilikuwa nasikia vile vidole." Sauti yangu ilikuwa imeanza kuharibika, nikaiacha iharibike. "Mimi siwezi kukuambia nina kazi, baba. Nina nyuki, na nyuki wanaweza kuhama. Lakini sikuacha watu juu. Niliwashusha kwanza."

Mzee alitazama mikono yake. Kisha, polepole, akaketi.

"Lilitikisika wapi?" aliuliza. "Ndani ama pembeni?"

Sikuelewa kwa nini anauliza. Nikamwonyesha kwa kidole, upande wa ndani, chini ya kifuniko cha goti.

Akaitikia kwa kichwa kama fundi anayesikiliza. "Greda pia," alisema. "Kabla ya kuvunjika, hailii. Watu wanafikiri italia kwanza. Hapana. Inakutikisa kidogo kwa kiti, na ni wewe tu uliyekaa hapo unajua. Ukimwambia mkubwa, anakuambia endelea." Akasugua makovu ya mikono yake. "Nilikuwa nasimamisha. Walikuwa wananigombeza kwa sababu ya kusimamisha."

Baba mdogo aliikunja kofia yake ya kuazima mikononi.

"Sisi," mzee alisema, akitazama nje ya dirisha, "hatukushushwa mmoja mmoja."

Jikoni mtu alipenga kamasi.

Sikujua kama nisimame au niendelee kukaa. Nje mbuzi mmoja alilia, sauti imekauka, na mzee aligeuza kichwa kana kwamba alikuwa amesahau wapo.

"Nani amewafunga hawa juani?"

"Wewe ndiye ulisema tusikie kwanza," alisema shangazi.

"Tumesikia. Wapelekeeni maji."

Shangazi alibaki amemtazama kaka yake kidogo, kisha akajifunga leso upya, ngumu, akatoka. Nilisikia ndoo. Nilisikia msichana akikimbia, viatu vyake vya plastiki, na shangazi akimwambia, "Polepole wewe, unamwaga!" Kisha geti likafunguliwa na mbuzi wakaingia ndani ya boma, kwato zao zikiharibu zile alama zote za ufagio. Baba mdogo alivaa kofia tena, ikakaa upande.

Majirani walianza kuja, kama inavyokuwa mbuzi akionekana. Mmoja wao alikuwa rika la mzee, mtu wa kucheka sana, aliyekuja na kisu chake mwenyewe kiunoni. Alinisalimu, akanipima kutoka kichwani hadi miguuni, akamgeukia mwenye nyumba.

"Ndiye huyu? Ana mabega kama mlango wa stoo. Siku hizi yuko wapi?"

Baba mdogo alikohoa. Mimi nikaangalia chini. Msichana alikuwa ameinama kando ya ndoo, na hakuinuka.

Mzee alikuwa amemshika mbuzi pembe.

"Amestaafu," alisema.

Yule jirani akacheka. "Kijana huyu? Si ni mapema sana!"

"Ni mapema," alisema mzee, na hakucheka. "Hata mimi nilistaafu mapema. Leta hicho kisu, jua linaenda."